Mahali na Upatanisho katika Kufundisha Vikumushi vya Kiingereza

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vitumiwavyo shuleni, sura ya vikumushi huanza kwa ufafanuzi. Mwanafunzi huambiwa kwamba kivumishi ni neno lielezalo jina, na kielezi ni neno lielezalo kitenzi, au kivumishi, au kielezi kingine. Huja mazoezi ya kujaza nafasi, na baada ya mazoezi huja orodha ya makosa ambayo hayana budi kuepukwa. Mwanafunzi hukariri ufafanuzi, hujaza nafasi, huyasoma makosa, na siku ya pili huyaandika makosa yale yale katika insha yake. Mwalimu hulalamika kwamba mwanafunzi hasikii. Mwanafunzi hulalamika kwamba Kiingereza hakina kanuni. Lililokosekana katika sura ile ni jambo moja, ambalo Mwingereza aliyeiandika hakuwa na sababu ya kulitaja, kwa kuwa kwake ni kama hewa aivutayo: kwamba katika Kiingereza mahali pa neno ndipo panapofanya kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na upatanisho wa ngeli.

Vichukuliwe visu viwili. Kiswahili chasema "kisu cha mpishi kikali" na "kisu cha mpishi mkali". Maneno ni yale yale na mpango wake ni ule ule. Kilichobadilika ni kiambishi tu mbele ya shina "-kali", na kwa kiambishi hicho msikilizaji amekwisha kujua kama ajihadhari na kisu au na mwenye kisu. Kiingereza hakina kiambishi hicho. "Sharp" ni "sharp", iwe ya chuma au ya mtu, ya mmoja au ya wengi. Kwa hiyo humpasa msemaji alisogeze neno lenyewe: "the cook's sharp knife" ni ukali wa kisu, na "the sharp cook's knife" huelekea ukali wa mpishi. Neno "huelekea" limetumiwa kwa makusudi, maana hata hapo Mwingereza aweza kufahamu kisu kikali cha namna watumiayo wapishi, na asiwe amekosea.

Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili amezoea kwamba sifa hubeba alama ya mwenyewe. Hata ikiwekwa mbali na jina lake hutambulikana, kama ng'ombe mwenye chapa aliyepotea katika zizi la jirani. "Kikapu cha maembe kilichooza" ni hasara ya kikapu. "Kikapu cha maembe yaliyooza" ni hasara ya maembe. Kiingereza hapa kina masalio kidogo ya upatanisho, kwani "a basket of mangoes that was rotten" hutofautiana na "that were rotten". Lakini vikapu vikiwa vingi masalio hayo hayafai kitu: katika "baskets of mangoes that were rotten" hapana ajuaye kilichooza ni kipi, ila kwa kukisia. Mwanafunzi aliyezoea chapa huiacha sentensi hiyo jinsi ilivyo, kwa imani kwamba kila neno litaonekana ni la nani. Huo si uvivu wala upungufu wa akili. Ni uaminifu kwa lugha iliyomfundisha kufikiri.

Wala isidhaniwe kwamba upatanisho wa Kiswahili haushindwi. "Mlango wa nyumba mpya" hauelezi kama upya ni wa mlango au wa nyumba, kwa sababu shina "-pya" huwa "mpya" katika ngeli zote mbili. Msemaji afanyeje? Hulisogeza neno: "mlango mpya wa nyumba". Yaani pale alama zinapolingana, Mswahili naye hukimbilia mahali, na hufanya hivyo bila ya kufundishwa na mtu. Hapo ndipo somo la vikumushi vya Kiingereza lingepaswa kuanzia. Mwalimu angewaambia wanafunzi wake kwamba katika lugha ya Kiingereza karibu kila jina ni kama "mlango wa nyumba mpya", na wangemfahamu kwa nusu saa kuliko wanavyofahamu sura nzima ya ufafanuzi.

Sababu ya vitabu kunyamaza juu ya jambo hili ni ya kihistoria. Wataalamu wa zamani wa sarufi ya Kiingereza walichukua majina na taratibu zao kutoka Kilatini, na Kilatini ni lugha ya upatanisho. Kivumishi chake hupatana na jina kwa jinsi, kwa idadi na kwa uhusika, na washairi wa Roma waliweza kulitenga jina na sifa yake kwa maneno kadhaa bila ya maana kupotea. Taratibu hizo zilipovishwa Kiingereza, ambacho kilikwisha kuvua karibu viambishi vyake vyote vya sifa, zilipwaya. J. C. Nesfield, aliyefanya kazi ya elimu katika India na ambaye kitabu chake "English Grammar, Past and Present" kilitoka mwaka 1898, alikuwa mmoja wa wengi walioendeleza desturi ya kuainisha maneno kwa makini kuliko kueleza kazi ya mahali pake. Na hapa pana kichekesho kidogo: ile kanuni ya Kilatini isemayo kwamba kivumishi hupatana na jina lake, mtoto wa Tanga au wa Lamu angeielewa mara moja, kwa kuwa ndiyo lugha yake, mtoto wa London ndiye angehitaji kuelezwa. Wasemao Kiswahili walipewa sarufi ya Kiingereza iliyoshonwa kwa kipimo cha Kilatini, nao wakaambiwa kwamba hawakai vizuri ndani yake.

Kwa upande wa pili mambo yalikuwa na bahati njema zaidi. E. O. Ashton, katika "Swahili Grammar" yake ya mwaka 1944, alijitahidi kumwonyesha msomaji wa Kiingereza namna Kiswahili chenyewe kinavyoyapanga mawazo, ngeli kwa ngeli na kiambishi kwa kiambishi. Kitabu chake kina mapungufu, lakini nia yake ilikuwa ya haki. Mwenye kujifunza Kiingereza kutoka Kiswahili amestahili haki kama hiyo, naye huipata kwa nadra.

Kosa lichekwalo kuliko yote darasani ni lile liitwalo kikumushi kinachoning'inia. Mwanafunzi huandika: "Walking to school, the rain began." Mwalimu huuliza, je, mvua ilikuwa ikienda shule? Darasa hucheka, mwandishi wa sentensi huona haya, na somo huendelea pasipo yeyote kujua kosa lilitoka wapi. Lakini asili yake si ngumu kuiona. Katika mawazo ya mwanafunzi huyo sentensi ilikuwa: "Nilipokuwa nikienda shule, mvua ilianza kunyesha." Sentensi hiyo haina kasoro. "Ni-" imesimama mara mbili, katika "nilipokuwa" na katika "nikienda", nayo yasema waziwazi kwamba mwenda shule ni msemaji. Mwanafunzi alipovuka kwenda Kiingereza alichukua kitenzi na kukivika "-ing", kama alivyofundishwa, na "ni-" ikaanguka njiani. Hapana aliyemwambia kwamba imeanguka. Kitenzi cha "-ing" hakina nafsi yake. Humtafuta mtendaji katika kiima cha sentensi kuu, na yeyote amkutaye hapo humshika. Safari hii alikutana na mvua.

Dawa ya kosa hilo imo katika Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi na atazame viambishi vya nafsi vya vitenzi vyake viwili kabla ya kuvuka. Akiwa na "Nilipokuwa nikienda shule, niliona nyoka", ataona "ni-" huku na "ni-" huku; njia ya "-ing" i wazi, naye aweza kuandika "Walking to school, I saw a snake." Akiwa na "Nilipokuwa nikienda shule, mvua ilianza", ataona "ni-" upande mmoja na "i-" upande wa pili, njia hiyo imefungwa, na hana budi kuichukua nafsi yake mkononi: "As I was walking to school, the rain began." Kipimo hiki kina upungufu wake, kwa kuwa "a-" ya Juma na "a-" ya Ali ni moja, na sentensi kama "Alipokuwa akiimba, alicheka" yaweza kuwa na watu wawili ndani yake. Hata hivyo chatosha kwa makosa mengi ya namna hiyo, na kina faida ambayo kicheko hakina: mwanafunzi aweza kukitumia peke yake usiku wa mtihani.

Ni haki pia aambiwe kwamba Kiswahili nacho huning'iniza pale kinapovua nafsi. "Baada ya kula, sahani zilioshwa" ni sentensi isemwayo kila siku. Kitenzi kimevaa "ku-", hakina nafsi, na kwa kanuni kali ya shule ya Kiingereza waliokula ni sahani. Hapana Mswahili adhaniye hivyo. Waingereza nao huvumilia mengi ya jinsi hiyo, na katika maandishi yao makubwa. Katika "Hamlet" ya Shakespeare, sehemu ya kwanza, onyesho la tano, mzuka wa mfalme amweleza mwanawe habari iliyotangazwa juu ya kifo chake, kwamba alikuwa amelala bustanini akaumwa na nyoka. Kwa jinsi Shakespeare alivyoyapanga maneno hayo, mwalimu mwenye kalamu nyekundu angelazimika kusema kwamba aliyelala ni nyoka. Watazamaji wa karne zaidi ya 4 hawakupata kukosea. Na mfasiri wa Kiswahili afikapo hapo hana nafasi ya kumlaza nyoka hata akitaka, kwa sababu lugha yake humdai nafsi: "nilipokuwa nimelala". Mfano huu wastahili kusomwa darasani, si kwa ajili ya kumshusha Shakespeare, bali ili mwanafunzi ajue kwamba kosa lake lina jamaa watukufu, na kwamba swali la kuulizwa ni kama msomaji atapotea.

Jambo la pili lililo tajiri, nalo hupitwa upesi mno katika vitabu, ni tofauti ya "tired" na "tiring", "bored" na "boring", "surprised" na "surprising". Mwanafunzi asemaye "I am very boring in this class" amejitukana pasipo kujua. Vitabu humwambia kwamba moja ni ya kutenda na moja ni ya kutendwa, maneno ambayo hapo hayamsaidii, kwa kuwa mtu aliyechoka haonekani kutendwa na yeyote. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyapanga mambo haya kwa uzuri kuliko Kiingereza. Kuna kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza, kuogopa na kuogofya, kufurahi na kufurahisha, kutahayari na kutahayarisha. Aliyechoka ni "tired", kinachochosha ni "tiring". Anayeshangaa ni "surprised", kinachoshangaza ni "surprising". Mnyambuliko wa kusababisha, ambao mtoto huutumia kabla hajajua kusoma, ndio ufunguo wa mlango huu. Mwanafunzi akiwa na shaka ajiulize: je, katika Kiswahili ningesema "nachoka" au "nachosha"?

Yapo maneno yasiyofuata njia hiyo kwa umbo. "Kupendeza" ndilo lililo sawa na "pleasing"; "kupendezwa", lenye alama ya kutendwa, ndilo lililo sawa na "pleased". Lakini hata hapa Kiswahili hakimwachi mwanafunzi gizani. Kitabu chapendeza, msomaji hupendezwa nacho. Hapana abadilishaye moja kwa jingine. Umbo limegeuka, na swali limebaki lile lile: hisia yatoka wapi na yaingia kwa nani.

Neno "only" lingeweza kujaza makala peke yake. Kiswahili huweka "tu" nyuma ya lile kinachotaka kulitenga: "Juma tu alikula ndizi", "Juma alikula ndizi tu". Kiingereza cha mazungumzo hupenda kuliweka "only" mbele ya kitenzi, lihusu lihusulo, na sauti ya msemaji hufanya kazi iliyobaki. Wakali wa sarufi walipiga marufuku desturi hiyo, na H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, akawatetea wasemaji dhidi ya wakali hao mahali ambapo maana haina shaka. Mwanafunzi wa Kiswahili yu salama akiliweka "only" karibu kabisa na neno lihusikalo, mradi akumbuke kuliweka mbele, si nyuma. Katika shule kadha wa kadha za sekondari hutundikwa kibao kisemacho "Speak English only". Waliokiandika walitaka kusema Kiingereza tu, pasiwe na Kiswahili. "Only" yao imekaa nyuma ya neno kama "tu" ya Kiswahili ikaavyo, jambo ambalo Kiingereza hukiruhusu mwishoni mwa sentensi, hasa katika matangazo. Kwa hiyo kibao kinachokifukuza Kiswahili shuleni kimepangwa kwa mpango ambao Mswahili angeuchagua mwenyewe.

Juu ya vielezi vya "-ly" hapana haja ya kukawia. Mswahili asemaye "anaimba vizuri" na "vitabu vizuri" ametumia umbo moja kwa kazi mbili, kwa hiyo hashangai akikuta "fast" na "hard" zikifanya vivyo hivyo. Hatari yake ni kuongeza "-ly" kwa bidii kupita kiasi, akaandika "he worked hardly" akitaka kumsifu mtu, kumbe amesema kwamba mtu huyo hakufanya kazi ila kidogo sana.

Linalostahili lawama zaidi ni orodha ya mfuatano wa vivumishi: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, mata. Wanafunzi huikariri kama majina ya mito, kisha hupewa mazoezi ya kupanga vivumishi vitano mbele ya meza moja. Hapana aandikaye Kiingereza cha namna hiyo. Jina lenye vivumishi vitatu ni adimu, na lenye vitano hupatikana katika vitabu vya mazoezi. J. R. R. Tolkien alimweleza mshairi W. H. Auden, katika barua ya mwaka 1955, kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kama 7 alitunga hadithi ya joka, na mama yake akamwambia kwamba haisemwi "green great dragon", ni lazima "great green dragon". Mtoto alistaajabu kwa nini, na alipokuwa mzee, baada ya kuwa profesa wa lugha hiyo katika Oxford, alikuwa angali akistaajabu. Mama hakumpa orodha. Alimpa sentensi iliyo sahihi, na sikio likaihifadhi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili yatosha kuonyeshwa kwamba mpango wa Kiingereza huelekea kuwa kama sura katika kioo: "vitabu vyangu vizuri viwili" huanza kwa jina na kuendelea mbele, "my two good books" hujikusanya hadi kufikia jina. Kioo hicho si kamili, maana "vyangu" na "my" hazikukaa mahali ambapo kioo kingeziweka. Lakini mazoea ya kusoma huyanyosha yaliyobaki.

Mahali ambapo kusoma peke yake hakutoshi ni pale jina linapokuwa kikumushi cha jina. Kiswahili hutaka kiungo: nyumba ya mawe, kikombe cha fedha. Kiingereza hukitupa kiungo na kuyabandika majina pamoja, na maana nyingi hupotea katika kubandika huko. "English teacher" ni mwalimu Mwingereza au ni mwalimu wa Kiingereza? Mwingereza hutofautisha kwa mkazo wa sauti: akilitilia nguvu neno la kwanza ni mwalimu wa somo, akilitilia nguvu la pili ni mwalimu wa taifa. Karatasi haina mkazo. Hapo mwalimu hana budi asome kwa sauti, na ikiwa yeye mwenyewe hajui mkazo huo, kitabu hakitamwokoa.

Kuna wasemao kwamba kukiita Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kumzoesha mwanafunzi kutafsiri, na kwamba hataweza kamwe kufikiri kwa Kiingereza. Hoja hii haidharauliki, hasa katika darasa lenye lugha nyingi za nyumbani. Lakini mwanafunzi hutafsiri kimoyomoyo, apende mwalimu asipende. Tofauti ni kama atafanya hivyo peke yake gizani au kwa kuongozwa. S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwenye kujifunza ni ushahidi wa utaratibu ulio katika akili yake. Neno hilo lina uzito mkubwa katika Tanzania, ambako mtoto wa shule nyingi za msingi za serikali husoma kila kitu kwa Kiswahili, kisha afikapo sekondari huulizwa historia, biolojia na kemia kwa Kiingereza. Kikumushi kilichokaa pabaya hakimpunguzii alama za lugha tu. Chaweza kuligeuza jibu la sayansi.

Na kemia ina neno lake katika shauri hili. Mwanafunzi huandika katika daftari la maabara: "Using a thermometer, the temperature was recorded." Mwalimu wa Kiingereza huipiga mstari sentensi hiyo, kwa kuwa joto haliwezi kutumia kipimajoto. Mwalimu wa kemia huipa alama zote, naye ana haki, kwani maandishi ya kisayansi ya Waingereza na Wamarekani yamejaa sentensi za jinsi hiyo, ambamo mtendaji amefichwa kwa desturi na kila msomaji amjua. Mwanafunzi amesimama kati ya walimu wawili, daftari moja mkononi, alama mbili zinazopingana. Angetaka kujua ni lini nafsi yaruhusiwa kufichwa na ni lini hairuhusiwi. Swali hilo lajibika kwa maneno machache, kwa Kiswahili, kwa kuandika ubaoni "baada ya kula, sahani zilioshwa" na kando yake "nilipokuwa nikienda shule, mvua ilianza".